Ada za Vyuo Vikuu na Sisi wa Diepsloot

Hotuba ya sherehe za miaka 63 ya Uhuru, Diepsloot, Desemba 2024



Kamati iliniomba niseme neno kuhusu elimu. Nikauliza, elimu ipi? Nikajibiwa: "Dada, sema hii ya ada za vyuo, maana Januari inakuja na watu wana presha." Basi nitasema hiyo. Humu ndani peke yake nawajua watoto tisa waliomaliza mitihani ya matriki majuzi. Matokeo yatatoka katikati ya Januari, na wiki chache baada ya hapo vyuo vitafungua usajili. Muda huo ni mfupi kuliko foleni ya taksi ya asubuhi hapo barabarani, na ndani yake mzazi anatakiwa atoe fedha ambayo wengi wetu hatuioni kwa miezi sita.

Kwa kuwa leo ni siku ya Uhuru, tuanzie nyumbani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua mlango tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita na siku chache kabla ya bendera yetu kupanda. Hakikuwa na majengo. Kilianza katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na kikundi kidogo cha wanafunzi wa sheria. Mlimani walihamia 1964. Nchi haikuwa na fedha, lakini iliamua kwamba chuo ni mzigo wa taifa, na kijana wa mkulima wa Kasulu au Masasi akifaulu, taifa litambeba.

Lakini nisiwapambie. Mwaka 1966, mwezi Oktoba, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga utaratibu wa Jeshi la Kujenga Taifa na makato ya mishahara yaliyoambatana nao. Mwalimu aliwafukuza karibu 400, wakarudishwa vijijini kwao. Ni jambo zito, na wako wazee ambao hadi leo hawajalisahau. Hata hivyo, siku ile ile Mwalimu alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alipotaka watu wabane matumizi, alianzia mfukoni mwake. Wekeni hilo akilini, nitalirudia nikifika kwa wafagizi.

Miaka ya themanini mambo yakaharibika. Nchi zetu zilikopa, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wakaja na masharti yao, na mojawapo lilikuwa kwamba serikali ipunguze fedha za vyuo vikuu na mwanafunzi achangie. Kenya walianza 1991 na wanafunzi wakaingia barabarani. Tanzania ikaanza kuchangia gharama kwa awamu mapema miaka ya tisini. Makerere, Uganda, kuanzia 1992 walifungua mlango kwa wanafunzi wa kujilipia, na baada ya miaka michache hao wakawa wengi kuliko waliolipiwa na serikali. Profesa Mahmood Mamdani, aliyewahi kufundisha Dar es Salaam, aliandika kitabu kizima juu ya jinsi Makerere ilivyogeuka soko. Na mwaka 2019, Makerere walipopandisha ada kwa asilimia 15, wasichana ndio waliotangulia kuandamana, na hata jina la maandamano yao walilichukua huku kwetu Bondeni: Fees Must Fall.

Kwetu ikaja Bodi ya Mikopo, kwa sheria ya mwaka 2004. Mkopo si jambo baya. Wako humu waliosoma kwa mkopo huo na leo wanatuandikia barua zetu za kiofisi. Ila mjue ulivyofanya kazi. Mwaka 2016 makato ya mnufaika aliyeajiriwa yalipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Juu yake ilikuwapo tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya fedha, kiasi kwamba mtu alilipa mwaka mzima na deni likawa pale pale au limekua. Tozo ile ilifutwa 2021. Vijana wetu waliipigia kelele miaka mingi, na kufutwa kwake kunaonyesha kwamba kumbe iliwezekana.

Sasa tuje hapa Johannesburg.

Wengi mnakumbuka Oktoba 2015. Chuo cha Wits kilitangaza kwamba ada ya 2016 itapanda kwa asilimia 10.5. Tarehe 14 Oktoba wanafunzi wakafunga mageti. Wakaingia ukumbi mkubwa wa jengo la utawala, wakakaa chini sakafuni, na mkuu wa chuo, Adam Habib, akaja kukaa sakafuni nao usiku kucha. Moto ukaenda nchi nzima. Tarehe 23 Oktoba walifika Majengo ya Muungano, Pretoria, na Rais Zuma akatangaza kwamba 2016 ada haitapanda hata senti.

Watu wa televisheni walisimulia kana kwamba jambo lilianzia Wits. Si kweli. Katika vyuo vya watoto wa maskini, kama kile cha teknolojia cha Tshwane, migomo ya ada ilikuwa ya kila mwaka, lakini kamera hazikwenda. Zilikwenda moto ulipofika kwa watoto wa Wits.

Kwa nini ada ilipanda vile? Mwaka 2000, katika kila randi 100 ya mapato ya vyuo vikuu vya umma vya nchi hii, serikali ilitoa kama 49, na ada za wanafunzi zilileta kama 24. Kufikia 2012 fungu la serikali lilikuwa limeshuka hadi 40, na la wanafunzi limepanda hadi 31. Wanafunzi waliongezeka, fungu la serikali halikuwafuata, na pengo likazibwa na mzazi. Sitaki kuwalaumu wakuu wa vyuo kwa kila kitu. Mtu akipewa unga kidogo apikie watu wengi, ama ataongeza maji, ama atawatoza walaji.

Hebu tufanye hesabu ya mfano. Ada ni randi 40,000. Inapanda asilimia 10 kila mwaka. Mwaka wa nne wa masomo ni zaidi ya 53,000. Mshahara wako ni 5,000 kwa mwezi na unaongezewa asilimia 6 kila mwaka, ukibahatika. Mwaka wa nne haujafika hata 6,000. Ada imeongezeka kwa zaidi ya 13,000 kwa mwaka, na wewe umeongezewa kama 950 kwa mwezi, na hizo 950 zinasubiriwa na nauli, umeme na kodi ya chumba. Mtoto hakufeli, ni hesabu iliyomshinda. Na asipomaliza kulipa, vyuo vingi vinazuia cheti. Amesoma, amefaulu, halafu hana karatasi ya kumwonyesha mwajiri.

Hiyo ni njia ya kwanza ya chuo kuziba pengo. Ya pili haisemwi sana, na ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa Diepsloot, kwa sababu sisi ndio tuliokatwa.

Mwaka 2000 Wits ilitekeleza mpango wake wa kubana matumizi. Zaidi ya watumishi 600 wa usafi, bustani, jikoni na matengenezo waliachishwa kazi, na kazi zao zikapewa makampuni ya nje kwa zabuni. Vyuo vingine vilipita njia hiyo hiyo. Baadhi ya watu walirudi kufagia ukumbi ule ule, chini ya kampuni, kwa mshahara mdogo zaidi, bila pensheni na bila bima ya afya waliyokuwa nayo. Wahasibu wakaandika kwamba chuo kimeokoa fedha. Waswahili tunasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Niliifanya kazi hiyo kwa miaka saba katika chuo kimoja cha mji huu. Sitakitaja. Kila mkataba ulipokwisha, kampuni nyingine ilishinda zabuni kwa bei ndogo zaidi, na sisi tukapewa shati jipya lenye jina jipya mgongoni. Shati lilibadilika mara tatu. Ufagio ulikuwa ule ule, na ghorofa zile zile. Miaka ya kazi ilihesabiwa upya kila mara, kwa hiyo baada ya miaka saba mimi nilikuwa mfanyakazi mgeni. Msimamizi mmoja alituambia tusikae kwenye viti vya wanafunzi wakati wa mapumziko. Tulikula kwenye chumba cha mifagio.

Na hapa nataka kina mama mnisikilize vizuri, maana hili wengi hatukuambiwa. Mtumishi wa kudumu wa chuo kikuu katika nchi hii kwa kawaida hupata punguzo kubwa la ada kwa mwanawe anayesoma hapo. Maana yake, mfagizi aliyeajiriwa na chuo chenyewe angeweza kumsomesha mtoto wake katika darasa analolifagia. Siku alipohamishiwa kwa mkandarasi, haki hiyo ilikwenda. Haikutajwa kwenye matangazo ya kubana matumizi, kwa sababu kwenye vitabu vya chuo haikuwa mtu, ilikuwa gharama. Nimefikiria sana ni watoto wangapi wa wafagizi wangekuwa madaktari leo. Anayepunguza gharama za chuo kwa njia hii hajapunguza kitu, amekitoa mezani kwake akakiweka kwenye meza yako. Mwalimu alianzia mshahara wake, hawa walianzia wa mfagizi.

Sasa sikilizeni kilichotokea 2015. Wiki moja kabla ya kufunga mageti, tarehe 6 Oktoba, wanafunzi, wafanyakazi na baadhi ya wahadhiri wa Wits na Chuo Kikuu cha Johannesburg waliandamana pamoja kudai wafanyakazi warudishwe kwenye ajira ya chuo. Ada ilipowaka, dai hilo lilikuwa limeshakaa mezani. Wanafunzi walisema ada na mfagizi ni jambo moja, na hawakukubali kutenganishwa. Kabla ya mwaka kwisha Wits ilikubali kimsingi, na kuanzia 2017 watu walianza kurudi kwenye orodha ya mishahara ya chuo. Cape Town nao waliwarudisha wa kwao. Kwa miaka 15 tuliambiwa haiwezekani, chuo kitafilisika. Wits ipo, mageti yako wazi, na taa za Braamfontein zinawaka.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa fahari kwa kuwa leo ni siku yetu. Ukumbi ule walioukalia waliubatiza jina la Solomon Mahlangu, kijana wa Pretoria aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na miaka 22. Chuo baadaye kilikubali jina hilo rasmi. Nyumbani jina hilo tunalijua. Mazimbu, Morogoro, kwenye shamba la zamani la mkonge, serikali yetu iliwapa ANC ardhi, na hapo ikajengwa shule ya Solomon Mahlangu kwa watoto waliokimbia nchi hii. Walisoma bure, walikula bure. Mwaka 1992 walipokuwa wanarudi kwao walitukabidhi majengo, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Sisemi hivyo ili tumdai mtu. Kuna watu mtaani watatuambia kwamba watoto wetu wanachukua nafasi za watoto wao, na sipendi kijana wetu asimame pale hana la kusema. Aseme Mazimbu, aseme kwa adabu, kisha aendelee na shughuli zake.

Tarehe 16 Desemba 2017 Rais Zuma alitangaza kwamba mtoto wa familia yenye kipato kisichozidi randi 350,000 kwa mwaka atasomeshwa na serikali kupitia NSFAS. Ni jambo kubwa, na watoto wa majirani zetu wengi hapa Diepsloot wamefika chuo kwa njia hiyo. Lakini ina mashimo mawili. Kiwango hicho hakijapandishwa tangu siku hiyo ingawa bei za vitu zimepanda, kwa hiyo mtoto wa mwalimu na nesi anaachwa katikati: wazazi wana kipato kikubwa mno kwa ruzuku, na kidogo mno kwa ada. Na NSFAS yenyewe imeyumba. Ilijaribu kulipa posho kupitia makampuni ya kati, wanafunzi wakalia hawapati fedha zao, na Aprili 2024 waziri aliivunja bodi. Tena ni mkandarasi yule yule katikati, jamani.

Shimo la pili ni sisi. Fedha ile imewekwa kwa ajili ya raia wa nchi hii. Mtoto aliyeletwa hapa na miaka miwili, aliyesoma Diepsloot hadi matriki, anayeongea Kizulu kuliko Kiswahili, akiwa bado yuko kwenye kibali cha muda hayumo.

Kuna mlango mmoja ambao wengi hatuujui. Mwaka 1997 nchi za SADC zilitia saini itifaki ya elimu na mafunzo. Inasema mwanafunzi kutoka nchi mwanachama atendewe kama mwenyeji katika ada na malazi, na vyuo vitenge walau asilimia 5 ya nafasi kwa wanafunzi wa SADC. Tanzania imo. Kongo imo. Malawi, Msumbiji na Zimbabwe wamo. Kenya na Uganda hawamo, na ndugu zetu wa huko mtanisamehe, mimi sikuandika. Kwa hiyo mkifika ofisi ya usajili mkatajiwa ada ya "kimataifa," msiondoke mkilia kwenye lifti. Ulizeni: je, hii ni ya SADC? Vyuo vingi vina viwango viwili tofauti. Lakini jiandaeni, kwani juu ya ada ya masomo huwa wanaongeza tozo ya wanafunzi wa nje, na wengi wanadai sehemu kubwa ya fedha ilipwe kabla ya usajili. Tena lazima kuwe na kibali cha masomo, na kibali hicho kinataka bima ya afya ya kampuni iliyosajiliwa hapa. Bima peke yake inawashinda wengi. Anzeni kuuliza bei wiki hii, msisubiri matokeo.

Wapo wanaofikiria kumrudisha mtoto asome nyumbani. Ni wazo zuri kwa wengine. Ada kule ni ndogo na mkopo upo, na mabweni yameongezeka: yale ya Mlimani yaliyofunguliwa 2017 yanachukua wanafunzi 3,840. Ila cheti cha matriki lazima kwanza kipelekwe NECTA kikalinganishwe, na mtoto asiyejua kuandika Kiswahili wala hana shangazi Dar wa kumpokea atapata taabu. Mjue mnamtuma nani.

Sasa niseme lililonileta. Kila Desemba chama hiki kinachangisha fedha ya sherehe. Ng'ombe, muziki, mahema, fulana. Sipingi sherehe, mimi mwenyewe fulana nimevaa. Nilichowaambia kamati, na ninarudia mbele yenu, ni kwamba tutenge nusu ya mchango wa mwakani kuwa mfuko wa usajili. Nimesema usajili, sikusema ada. Ada yote hatuiwezi, tusidanganyane. Lakini kinachomrudisha mtoto nyumbani wiki ile ya kwanza ni malipo ya awali. Akishaingia, akapata namba ya mwanafunzi, kuna ufadhili na vibarua vya chuoni vinavyoweza kuombwa, ambavyo aliye nje ya geti havimhusu. Upatu tunaujua. Stokvel za wenyeji tumo. Hatushindwi kuweka daftari moja zaidi. Anayesaidiwa atarudisha kidogo kidogo akianza kazi, bila riba na bila ile tozo ya asilimia 6.

Kuna mzee aliniambia jana, "Binti yangu, mfuko huo ni kuwabebea mzigo serikali." Mzee, shikamoo tena, uko humu nakuona. Una haki. Mfuko wetu hautashusha ada hata randi moja. Ndiyo maana nawaomba pia nyie mnaofanya usafi na ulinzi kwenye vyuo na mahospitali chini ya wakandarasi: ingieni kwenye chama cha wafanyakazi. NEHAWU wapo vyuoni. Msijifiche kwa sababu ya pasipoti. Mwaka 2015 waliorudishwa ni wale waliosimama pamoja na wenzao wa hapa, na mwanafunzi akiwa upande wao. Na nyie wanafunzi mtakaoingia mwakani, mkifika, muulizeni anayefagia bweni lenu ameajiriwa na nani.

Daftari liko mezani karibu na mlango, kwa katibu. Wazazi wa watoto tisa, andikeni jina la mtoto, chuo alichoomba, na aina ya kibali chake. Kama karatasi zina matatizo, andikeni tu nyota pembeni, tutaongea faraghani. Kikao ni Jumapili ya kwanza ya Januari, saa nane mchana, hapa hapa. Nimeambiwa pilau tayari na wapishi wamenikazia macho.